Ameniambia Bado Sijawa Tayari

Leo mtu ambaye hatujawahi kuonana naye ana kwa ana ameniambia bado sijawa tayari kuwa mwanamke.

Ni mwanasaikolojia wa Nairobi. Asipokubali yeye, sipewi homoni za kike nikirudi nyumbani Kenya.

Nimeongea naye kwa video nikiwa kwenye gari la Atieno, hapa Wadi Kabir, mtaa wa Muscat. Chumbani naishi na wanaume, na hakuna anayejua kuwa mimi ni mwanamke. Atieno tunafanya kazi naye hoteli moja. Muscat nzima ni yeye tu anayenijua.

Swali la kwanza: "Mbona una ndevu?"

Nikamwambia ndevu ndizo zinazonilinda kazini.

"Utotoni ulichezea wanasesere?"

Jamani, mimi nilipenda mpira. Nikasema ukweli. Akatikisa kichwa.

"Vaa gauni mwaka mzima, kazini na barabarani. Ukimaliza, tuongee."

"Daktari, niko Oman. Nikitoka hivyo nitafungwa."

"Anayetaka kweli hutafuta njia."

Kisha akakata. Mtandao ulikuwa sawa kabisa.

Atieno, aliyekuwa amesimama nje kwenye jua lile akinichungia, akafungua mlango polepole.

"Amesemaje, dada yangu?"

Mbele ya daktari nilijikaza. Kwa neno hilo moja nikalia hadi pumzi ikanipaa.

Kesho niko zamu ya asubuhi, na wote wataniita kaka.

Nyinyi wachache mnaosoma hapa, niiteni dada leo. Hata mara moja tu.