Ndege ya Kuhesabu Kura

Niliamini, tena kwa moyo wangu wote, kwamba serikali ilihesabu kura kwa ndege. Ati rubani akiwa juu kabisa, mlolongo mfupi humwonekea mrefu, na mrefu huonekana kama mkia wa panya. Msinicheke. Hata leo nikinusa maganda ya kahawa yaliyochacha naikumbuka ndege hiyo, maana kura yetu ilipigwa kwenye uwanja wa kiwanda cha kahawa, si mbali na Wamagana.

Chama kilikuwa kimoja, na karatasi za kura hazikuwapo. Ulijipanga nyuma ya picha ya mtu wako, mchana kweupe, majirani wakikutolea macho. Mama alijipanga nyuma ya picha ya Mwalimu Gachanja, aliyetaka udiwani ili atuletee maji ya mfereji. Mlolongo wake ulizunguka kiwanda, ukateremka mtoni, nusura ufike Murang'a. Ule wa Kiragu, mwenyekiti wa chama, ungeenea kwenye kivuli cha mbuzi mmoja. Chifu akapanda mezani, akatangaza kwamba Kiragu ameshinda.

"Ameshinda nani?" mama akauliza.

"Mama Ndirangu, kwani wewe uko na macho kushinda serikali?"

Watu walipokuwa wakitawanyika, kijana mmoja wa chama akanieleza habari za ndege. Nikaridhika kabisa.

Siku ya soko iliyofuata tulimkuta kijana yuleyule langoni akidai kadi za chama. Mama akatoa yake. Kijana akaichana.

"Wewe tulikuona kwa ile laini ingine. Rudi nyumbani na kabichi zako."

Bila kadi, hakuna soko. Bila soko, hakuna karo, nami nikafukuzwa shule muhula huohuo. Hasira ya jambo hilo ninayo hadi sasa: chama kilichokuja kutuomba kura kiligeuka kuwa chifu, kikawa lango la soko, na nadhani hata mbuzi wetu walihitaji kadi ili wale nyasi.

Nilimaliza masomo shule ya jioni, mjini Nyeri, ndevu zikiwa zimenifika kifuani. Siku moja nikamweleza mama, kwa maneno makubwa ya darasani, jinsi chama kikikaa serikalini muda mrefu kinavyosahau kuhesabu.

Aliendelea kumenya viazi.

"Hakuna mtu alihesabu, Ndirangu. Chifu alikuja na jina ya Kiragu imeandikwa tayari. Niliona hiyo karatasi asubuhi, kabla tupange laini. Nikaenda nikasimama kwa Mwalimu."