Macho ya Simba wa Burumba

Mwezi jana mvua ilibambua rangi ya duka moja hapa Burumba, mtaa wetu wa mpakani, na chini yake ikatokea ngao ya taifa aliyoichora Fundi Opio nilipokuwa mtoto.

Alasiri alipokuwa akiimalizia, ukuta ulinuka tapentaini, na upepo ulileta harufu ya dagaa wa omena kutoka sokoni. Jogoo alikuwa tayari, na simba wawili walikuwa wamesimama na mikuki yao, ila hawakuwa na macho. Nikaomba brashi.

"Wee, toka hapa! Macho huja mwisho, na ni kazi ya fundi," alinifokea, na watoto wenzangu wakanicheka.

Nilikuwa bado nimenuna askari alipopita. "Huyu anajua kuchora. Ni mtu wa wapi?"

"Ni wa ng'ambo, afande," nikasema. "Anajificha kwetu."

Kwangu ng'ambo palikuwa Uganda ambako mama alikuwa akienda asubuhi kununua matoke na kurudi jioni. Sikujua kwamba wako waliovuka ili wasiuawe.

"Afande, huko wataniua," Opio alisihi, askari akiwa amemshika mkono. "Basi wacha nimalize macho."

"Simba wa Kenya wataona bila wewe."

Watu wakacheka, nami nikacheka. Askari alipompeleka mpakani, niliokota brashi yake nikawatia simba macho mwenyewe. Hakurudi jioni ile, wala jioni nyingine yoyote.

Juzi mwenye duka aliniuliza, "Mzee, nani aliwaharibu simba wazuri hivi kwa macho ya makengeza?"

Nikamwambia ni mimi.