Kopo la Mama Kilele na Mizani ya Wifi

Huu ni usumbufu mtupu. Kila anayekuja kununua ufagio kwangu ananiambia, "Bibi, ile habari ya kopo iandike, isipotee." Kwani ni mbuzi, itapotea? Darasa nililikimbia kabla sijazijua herufi zote, na mkono wangu umezoea kufunga mifagio, haukuzoea kalamu. Ila nimesikia siku hizi muuza chai ndiye anayeisimulia, na anaisimulia kombo, anajisimamisha katikati kama nguzo ya nyumba. Basi bora niandike mwenyewe. Ukikuta neno limekaa upande, lisukume likae sawa, usije kuniuliza.

Alikuwapo mwanamke muuza maharage, na yupo mpaka leo, anaitwa Mama Kilele. Jina hilo hakupewa na wazazi. Alipewa na soko, kwa sababu ya mkono wake. Alikuwa akipima kwa kopo la bati, kopo la zamani la mafuta ya kupikia lililohesabiwa kilo moja, mdomo wake umepinda kidogo upande mmoja. Akishalijaza hakusawazisha juu kwa kiganja kama wengine. Aliongeza, akaongeza, punje zikapanda juu ya mdomo wa kopo zikasimama kama kichuguu, na hakuna hata moja iliyodondoka. Hicho ndicho kilele. Wapo wauzaji waliogonga vitako vya makopo yao kwa jiwe vikaingia ndani, kopo likameza kidogo na kuonekana limeshiba. Yeye hakufanya hivyo hata siku moja. Kitako cha kopo lake kilikuwa kimenyooka, na yeye shingo ilikuwa imenyooka vilevile.

Kopo hilo aliachiwa na mama mkwe wake, pamoja na kizimba cha pembeni mwa lango la soko, pale ambapo mteja anaingia pesa ikiwa bado ina joto la mfuko. Yule mzee alipojua hainuki tena kitandani, alimwita mke wa mwanawe, akamwekea kopo mapajani. Binti yake wa kumzaa alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha maji mkononi. Aliona. Akameza mate, maji akayanywa mwenyewe.

Huyo binti ndiye wifi. Baada ya msiba alitafuta kizimba chake, akapata cha ng'ambo ya njia, kando ya mtaro, akauza maharage yaleyale. Na alikuwa na ulimi.

"Kopo la mama yangu," alikuwa akisema kwa sauti ya kumfikia mtu. "Kizimba cha mama yangu. Mimi nimeachiwa nini? Kikohozi?"

Mama Kilele alikuwa akicheka tu. Aliyeshiba hana haja ya kujibu. Tena wifi mwenyewe, maharage yake yakimwishia, alikuwa anavuka njia na bakuli lake kununua kwa Mama Kilele, na Mama Kilele alikuwa akimpimia pole pole, ili soko zima lione nani ana kopo na nani ana bakuli.

Hivyo ndivyo walivyoishi, mmoja akiwa juu na mwingine akimtazama, mpaka serikali ilipoingilia.

Asubuhi moja msimamizi wa soko alikuja na kipaza sauti chake kinachokoroma. Akasimama juu ya kreti la soda. "Jamani, sikilizeni! Serikali imepitisha sheria. Kopo la huyu si sawa na kopo la yule, na mnunuzi hajui anachonunua. Kuanzia mwezi ujao hakuna kupima kwa kopo, kikombe wala ndoo. Ni kilo! Kila mwenye kizimba awe na mizani, na mizani iwe na muhuri wa mkaguzi wa vipimo. Asiye nayo, kizimba chake kitapewa mwenye nayo. Orodha ya wanaongoja vizimba ni ndefu kuliko mtaro huu."

Watu wakaguna. Wengine wakauliza mizani inauzwa wapi. Mama Kilele hakuuliza kitu. Alijaza kopo lake, akasimamisha kilele, akasema, "Mimi mkono wangu ndio mizani. Serikali ikitaka muhuri, ije inigonge kwenye kiganja."

Soko likacheka. Na yeye akadhani wamecheka pamoja naye.

Wifi hakucheka. Jioni ileile alikwenda kukopa kwa wenzake wa kikundi cha akina mama, na kabla ya wiki kuisha alikuwa na mizani. Na mizani yenyewe ilikuwa mizani hasa, ya masahani mawili yanayoning'inia kwa minyororo, na mawe yake ya shaba yamepangwa kwenye kijisanduku kama watoto wa shule. Kila ikipima ilikuwa inalia, *ting*. Wifi alikuwa akiipangusa hata ikiwa safi.

Hapo ndipo kijiba cha roho kilipohama ng'ambo moja ya njia kwenda nyingine.

Wateja ni watu wa ajabu. Waliokuwa wakiapa kwa kilele, sasa walitaka kusikia *ting*. Walianza wenye migahawa, wakafuata wake wa walimu, halafu wakafuata hata wale wa kukopa. Walikuwa wanaingia langoni, wanamwamkia Mama Kilele kwa heshima zote, "Shikamoo mama," halafu miguu inavuka njia. Naye anaitika "Marahaba" huku macho yake yameshafika kule kabla yao. Alimjua kila aliyevuka. Alijua amenunua nini, amecheka mara ngapi, na wifi amemwambia nini. Maharage yake mwenyewe yalianza kuingiwa na wadudu na yeye hakuona, maana alikuwa akiyatazama ya mwenzake.

"Huli siku hizi, shoga?" muuza chai alimuuliza, akimwekea kikombe.

"Nile nini, na yule amekaa kwenye koo langu?"

"Si ununue mizani na wewe?"

"Ninunue alichonunua yeye? Nimfuate nyuma kama mkia?" Akapuliza chai ambayo haikuwa moto. "Halafu ile mizani ina sumaku. Chini ya sahani. Niliiona kwa macho yangu inavuta."

Hakuwa ameona kitu. Lakini neno limeshatoka, na ulimi hauna mfupa. Muuza chai alikuwa na wateja wengi kuliko soko zima, na kila kikombe alichouza siku ile kilikwenda na sumaku yake. Kabla ya adhuhuri wifi alisimama katikati ya njia, mikono kiunoni.

"Wifi! Sumaku inavuta maharage?"

"Sikusema mimi."

"Basi limesema kopo! Maana ndilo lenye mdomo uliopinda."

"Usilitaje kopo la mama mkwe wangu!"

"La nani? La mama yangu, bibie! Wewe umeolewa nalo tu!"

Watu walisahau walichokuja kununua. Mama Kilele akasimama juu ya ubao wake, na hapo kiburi kikamsemea. "Mkaguzi si anakuja kesho kugonga mihuri? Apime mizani yako mbele ya watu. Halafu apime na kopo langu. Tujue nani anawapa watu haki yao na nani anawaibia kwa kengele!"

"Njoo kesho," alisema wifi. "Vaa vizuri."

Mkaguzi alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, viatu vyenye vumbi, sanduku la chuma mkononi. Alikuwa ameshapita masoko mengi, na uso wake ulisema ameshaitwa kila jina. Alianza na wifi. Akaweka jiwe lake la serikali sahani hii, jiwe la wifi sahani ile. Minyororo ikatikisika, ikatulia, masahani yakakaa sawa kama macho ya mtu mmoja. Akapapasa chini ya sahani, maana na yeye alikuwa amesikia. Akagonga muhuri. Makofi yakapigwa.

"Sasa langu," alisema Mama Kilele.

"Mama, kopo siwezi kuligonga muhuri. Sheria hairuhusu."

"Sijaomba muhuri. Pima tu, watu waone."

"Mpimie! Mpimie!" soko likapiga kelele. Mkaguzi akatazama saa, akatabasamu kidogo, akasema, "Haya. Pima kama unavyopima siku zote, makopo kadhaa, tuone kama yanalingana."

Na hapa ndipo Mama Kilele alipokosea, kosa ambalo lingeweza kumpata yeye tu. Angejaza makopo yake akimwangalia mkaguzi, pengine angepona. Lakini alitaka kuonyesha wateja wake wanaompenda. Akasema, "Mimi sipimii hewa. Nitapimia watu. Waje wasimame mbele yangu." Hakujua kwamba mkono wake haukuwa na kipimo kimoja. Mkono wake ulikuwa unamtazama mtu usoni kwanza.

Wa kwanza kuja alikuwa muuza chai. Mama Kilele akamchotea, na kilele kikapanda, kikapanda, mpaka watu wakasema aah. Mkaguzi akamimina kwenye mizani. Sahani ya maharage ikashuka *pu!* ikagusa meza. Ilikuwa kilo na zaidi, tena zaidi ya kutosha.

"Mmeona!" alisema Mama Kilele.

Wa pili alikuwa bibi mmoja muuza mifagio, ambaye ndiye huyu anayekuandikia. Bibi huyo alikuwa amenunua kwa wifi siku mbili hizi kwa sababu kulikuwa karibu na miguu yake, basi. Mama Kilele akamtazama. Akachota. Kilele kikasimama, ndiyo, lakini kilikuwa chembamba, kimechongoka kama ncha ya kidole, na chini yake maharage yamekaa wazi wazi kwa sababu yalimiminwa taratibu yasijibane. Mkaguzi akamimina. Sahani ikayumba, ikasita, jiwe likaizidi kidogo.

Watu wakatazamana. Mtu akakohoa kicheko.

"Na mimi," alisema wifi. Alikuwa amevuka njia na bakuli lake lilelile la miaka yote. "Nipimie mimi, wifi. Kama unavyonipimia siku zote."

Mama Kilele alishika kopo. Sasa alikwisha kuona shimo lilipo. Aliuambia mkono ujaze, ushindilie, uongeze. Akachota, akatikisa, akaongeza. Lakini mbele yake ulikuwepo ule uso, na nyuma ya uso mizani yenye muhuri mpya unaong'aa, na minyororo, na wateja wake wote wamesimama upande usio wake. Mkono ukakataa. Punje zikawa zinapanda na kuteremka, zinadondoka ubaoni, na kila alipoongeza zilimwagika zaidi. Kilele hakikusimama. Kwa mara ya kwanza tangu alipoachiwa kopo lile, hakikusimama.

Mkaguzi akamimina. Jiwe la kilo likakaa chini kama lililolala, na sahani ya maharage ikabaki juu, inaning'inia, watu wote wakiitazama.

"Kumbe!" wifi alisema. Hakupiga kelele. "Tangu mama azikwe nanunua kwako, wifi. Kumbe nilikuwa nalipia kopo, naondoka na bakuli la husuda."

"Serikali imeleta mizani ya roho," alisema muuza chai, na yeye ndiye aliyepata kilo na zaidi, kwa hiyo alikuwa na raha ya kufanya mzaha.

Mama Kilele aliinama. Alikuwa akiokota punje zilizodondoka, moja moja.

Msimamizi wa soko akaja na daftari lake. Kesho ndiyo mwisho, alisema. Pembe ya langoni ina watu wanaoitaka. Mama Kilele alishika ukingo wa kizimba kwa mikono miwili, kama mtu aliye kwenye gari linalokata kona. Mdomo uliponza kichwa. Sasa kichwa kilikuwa kinatafuta pa kukaa.

"Sheria inasema kila kizimba mizani yake?" wifi alimuuliza mkaguzi.

"Vizimba viwili vinavyotazamana vinaweza kutumia moja, ikiwa imewekwa wazi na majina yote mawili yameandikwa kwenye kibali."

Wifi akamgeukia Mama Kilele. "Nitaiweka hapa njiani, juu ya kreti. Utapima na mimi nitapima. Jina lako litaandikwa chini ya langu."

"Kwa nini?" Mama Kilele aliuliza. Alimjua wifi yake. Hapakuwa na wema wa bure ng'ambo ile.

"Nipe kopo."

Mama Kilele akalivuta kopo kifuani.

Aliligeuza lile kopo, akatazama kitako chake kilichonyooka, akapapasa mdomo uliopinda. Kizimba au kopo. Kizimba ndicho kinachomlisha, lakini kopo ndilo lililomfanya awe yeye. Akalipangusa ndani kwa kitambaa. Halafu akalitoa, mkono umenyooka, macho yakiwa pembeni, kama mtu anayetoa jino.

Wifi hakupimia kopo lile hata punje moja, maana sheria ni sheria. Aliliweka juu ya rafu yake, mbele kabisa, ndani yake ametia vijiko vya kuchotea. Kila asubuhi Mama Kilele akifungua kizimba chake, kitu cha kwanza anachokiona ni kile. Kilo zake sasa ni kilo, mizani inalia *ting* kwake kama inavyolia kwa mwenzake, na mkaguzi akija anaondoka bila neno. Lakini roho inamuuma vilevile, imegeuza upande tu.

Na usidhani ameacha. Sheria inakataza kupunguza, haikatazi kuongeza. Akishamaliza kupima, kama uso wako anaupenda, anachota ncha ya vidole na kukurushia kwenye mfuko, huku akimtazama wifi aone. Muuza chai anarushiwa kila siku. Wake wa walimu waliorudi wanarushiwa. Mimi, bibi wa mifagio, napewa kilo kamili ya serikali, na mfuko unafungwa.

Basi nimeandika kama mlivyotaka, na mgongo unaniuma. Sasa na wewe inuka. Nenda pale langoni, nunua kilo moja, mwamkie vizuri, msifie wifi kidogo au usimsifie, shauri yako. Ukiona amekurushia ncha ya vidole, usiipike. Ifunge kwenye karatasi uniletee hapa kwenye mifagio, maana hiyo ni yangu, na naingoja.