Mama Pasi na Sauti ya Pili

Mtaani walimwita Mama Pasi kwa sababu hakuna aliyewahi kumkuta bila pasi mkononi. Nguo za duka la dobi la barabara kuu zililetwa kwake kwa mafurushi, naye akizinyoosha sebuleni: kola kwanza, kisha mikono, mgongo mwisho. Vidole vyake vilikuwa vimekomaa kwa kuungua. Ndiyo maana binti yake alipomwachia ukulele, kigitaa kile cha nyuzi nne ambacho majirani walisema ni gitaa lililoachishwa ziwa mapema, nyuzi hazikumuuma kama zinavyowauma wanaoanza. Aliujulia ukubwani, na msimcheke, maana wapo wanaojulia ukubwani mambo mabaya zaidi.

Kwenye simu alikuwa na kundi lake la wapiga ukulele. Wengi hawajawahi kuonana uso kwa uso: kinyozi, muuguzi, dereva wa lori, mwalimu wa kwaya aliyestaafu. Bingwa hakuwepo hata mmoja. Kila Jumatatu mmoja wao alitoa mada, wiki hii viatu, wiki ijayo chai, siku moja hata mama mkwe, na kila mtu akatafuta au akatunga wimbo wa mada hiyo, akajirekodi na kuutuma kabla wiki haijaisha. Sheria ilikuwa moja, na waliitii kuliko za serikali: mkupuo mmoja, hakuna kurudia. Ukikosea, umekosea. Mbwa wa jirani akibweka, basi naye kaimba.

Mbwa akibweka watu hucheka. Lakini mgonjwa akiguna, nani atacheka? Mume wake, fundi rangi aliyekuwa hafungi domo hata akiwa juu ya ngazi, alipigwa na kiharusi, kikampooza upande wa kulia na kumwachia mkono mmoja wa kushoto. Ulimi ukafa kabisa. Tangu hapo hakutamka neno, isipokuwa miguno ambayo Mama Pasi aliisikia zaidi kila alipoushika ukulele. Akajua kelele zinamuudhi mzee wa watu. Basi ikawa desturi ya nyumba: akitaka kupiga, kwanza anafunga mlango wa chumbani, kisha anakaa sebuleni na kuimba peke yake.

Hiyo ndiyo ilikuwa starehe yake pekee. Mengine yote yalikuwa ni kumgeuza, kumwosha, kumlisha, kumbadilishia shuka, na kurudi kwenye pasi kabla dobi hajaja kugomba. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Wakati mwingine alipiga magoti kando ya kitanda akamsihi: "Mzee wangu, sema hata neno moja. Nitukane basi! Niambie uji una chumvi!" Mzee alimtazama tu, na Mama Pasi akarudi sebuleni akalia juu ya mashati ya watu, ikambidi ayanyooshe upya.

Ndipo wifi yake akapiga simu.

"Wifi, umechoka, usinifiche. Mimi nina nafasi na watoto wa kunisaidia. Kaka hajui hata yuko wapi. Awe kwako, awe kwangu, kwake ni mamoja."

"Ananijua, wifi."

"Amekuonyesha vipi kwamba anakujua?"

Wifi hakusema kwa ubaya, na hapo ndipo palipouma. Wakapatana kwamba gari litakuja Jumamosi. Kwa wifi ni safari ya siku nzima, na Mama Pasi alijiuliza: mume akishatoka, atakwenda kumwona mara ngapi, na nguo za watu atamwachia nani? Maji yalikuwa yamemfika shingoni, akakubali, na tangu alipokubali hakupata usingizi wa maana.

Mada ya wiki hiyo ilikuwa mvua. Alitaka kuiacha ipite, lakini kulikuwa na wimbo mmoja ambao mumewe aliutunga walipokuwa wamepanga chumba cha kwanza, paa likivuja kila mahali:

Mvua nyesha, tumesogeza kitanda,
nyesha tena, kona bado zipo.

Walizoea kuuimba wawili, yeye sauti ya kwanza, mumewe ya pili, huku wakisukuma kitanda na kucheka kama wendawazimu. Akaona aurekodi kama kumuaga. Ijumaa mchana, alipokaa tayari, mvua yenyewe ikashuka. Bati la sebuleni halikuwa na dari, na kelele zake zilimeza kila kitu. Chumbani kulikuwa na dari ya mbao. Akaingia na ukulele. Mzee alipouona tu, akainua mkono wa kushoto akanyoosha kidole mlangoni. Mama Pasi akadhani anafukuzwa, moyo ukamkatika. Hata hivyo akaurudisha mlango kuzuia kishindo cha bati, akaketi, akaimba.

Kwenye kibwagizo miguno ikaanza. Akaongeza sauti kuifunika, akapotea kidogo, akamaliza. Kurudia hakuna. Akautuma na kuandika chini yake: samahanini kwa sauti ya mgonjwa.

Jumamosi asubuhi alikuwa anakunja mashati ya mumewe ndani ya begi, kila kola imesimama vizuri, simu ilipolia. Ulikuwa ujumbe wa sauti wa mwalimu wa kwaya.

"Mama Pasi, dada yangu, nimesikiliza nimeziba masikio yote mawili kwa vile vidude vya kusikilizia. Unaomba samahani ya nini? Huyo mgonjwa haguni. Anaimba sauti ya pili. Wewe ukipanda, yeye anashuka, na hata pale ulipokosea, mwenzio hakukosea. Ni nani huyo?"

Akaufungua wimbo wake mwenyewe, akaweka simu sikioni. Chini ya sauti yake, nzito na isiyo na maneno, kulikuwa na sauti aliyoifahamu kuliko ya mama yake mzazi. Shati likamtoka mkononi. Miezi yote hiyo mwanamume alikuwa anamwitikia, na yeye anamfungia mlango!

Honi ikalia nje. Wifi, aliyesafiri usiku kucha, akaingia na mkoba begani, akamkuta na ukulele mkononi, akamsalimu.

"Wifi, njoo chumbani usikie. Anaimba! Haki ya Mungu anaimba!"

Wifi alimtazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtu aliyeanza kuchanganyikiwa, akamfuata. Mama Pasi aliketi kitandani, akapiga. Mzee alikaa kimya. Akapiga kwa nguvu zaidi, sauti ikamkatikakatika, maana mfa maji haachi kutapatapa. Mzee akainua mkono wa kushoto, akanyoosha kidole mlangoni.

"Unaona?" wifi alisema taratibu. "Mwenyewe anataka twende. Usimtese kaka yangu."

Mama Pasi akatazama kile kidole, akatazama mlango uliokuwa wazi, na jambo lote likamwingia. Mficha uchi hazai; akakiri huku machozi yanamtoka: "Hasemi twende. Anasema funga. Kila nikishika kitu hiki nilikuwa namfungia mlango, wifi, nikidhani namuudhi. Amezoea. Anajua mlango ukifungwa ndipo wimbo unaanza."

Akainuka, akaufunga mlango, safari hii yeye akiwa ndani. Akarudi kitandani, akaushika mkono wa mumewe kidogo, kisha akaanza tena.

Ubeti wa kwanza ukapita mtupu. Honi ikalia nje. Alipofika kwenye kibwagizo hakuongeza sauti. Aliipunguza mpaka ikawa ndogo kabisa, na kutoka kwenye mto ikapanda ile nyingine, yenye mikwaruzo, ikishuka pale yake inapopanda, ikasogeza kitanda, ikasogeza tena, ikafika kona ya mwisho bila kukosea.

Wifi alikuwa amelelewa nyumba moja na sauti ile. Mkoba ulimteleza begani, akauacha chini. Dereva akapiga honi ndefu ya mtu aliyechoka kungoja, na hakuna aliyetoka.

"Rudia, wifi," alisema kwa shida. "Tafadhali, rudia."

Na Mama Pasi, ambaye hakuwahi kuivunja sheria ile hata siku moja, akarudia.