Dezo, mlango wa uwanja haufungwi

Tangu jana saa kumi jioni watu wananiambia Dezo hayupo tena, na mimi nawajibu subirini kwanza. Simu yake nimeipiga mara nne. Siamini, na leo sitaki kuamini.

Kwa wasiomjua: Désiré wetu, Dezo wa megafoni, ndiye aliyekuwa anatangaza mechi kwenye uwanja wetu mdogo wa Ngezi, hapa Bunia, mashariki mwa Kongo. Timu za daraja la pili, uwanja wa vumbi, kamba badala ya ukuta. Mimi nakata tiketi mlangoni. Tumefanya kazi pamoja miaka sita na tumegombana karibu kila Jumapili.

Alhamisi alipanda pikipiki kwenda Nyankunde. Timu ya kule ilikuwa imetuma habari kwamba inaogopa barabara, na inaona afadhali ipoteze kwa forfait, ihesabiwe imeshindwa bila kucheza, kuliko kuja. Dezo akaenda kuwabembeleza. Wakakubali. Jana wakati wa kurudi, watu wenye silaha wakampiga risasi njiani.

Nilimwambia asiende. Akaniita dada mkubwa kama kawaida yake: "Yaya Zawadi, kama hawakuje, watu watabakia ku nyumba, wataanza kuogopana tena. Miye naenda." Nilikasirika, nikaingia ndani bila kumuaga. Hilo linaniuma kuliko yote.

Niwaeleze alivyokuwa anafanya kazi, kwa sababu sijaona mwingine anayefanya hivyo.

Tangu vita vifunge barabara, timu ngeni zilikuja bila mashabiki wao. Vijana kumi na moja wanacheza na hakuna hata mmoja wa kuwapigia makofi. Dezo hakuweza kuvumilia. Kabla ya mechi alitembea kando ya kamba na megafoni yake, akawakata watu wetu katikati: "Kuanzia kwa mama wa karanga mupaka kule ku goli, leo mumekuwa wageni. Munashangilia wale wengine. Sitaki kuona mutu ananyamaza."

Na hukuchagua upande. Ulipoketi ndipo ulipopangwa, uwe kabila gani, uwe na nani.

Mwanzoni watu walinung'unika. Baada ya miezi miwili walikuwa wanafika mapema kugombania upande wa wageni, eti huko ndiko kuna kelele.

Mama Vumilia, huyo huyo wa karanga, mwanawe ndiye golikipa wetu. Siku moja wageni wakamfunga goli, mama akaruka, akamwaga sahani nzima ya karanga, anacheza. Dezo akamfuata: "Mama, hiyo goli imeingia kwa mutoto wako." Mama akamjibu bila kugeuka, "Atanikuta ku nyumba. Hapa miye niko mugeni." Kijana alikataa kula nyumbani siku mbili.

Kulikuwa na baba mmoja aliyekimbia mapigano ya Djugu na watoto wake. Kila Jumapili alisimama nje, anachungulia juu ya mabega ya watu. Nilidhani hana cha kulipa. Dezo alimwita ndani, akampeleka mbele kabisa: "Papa, weye ni mugeni wa kweli, utuongozee." Baba yule akapiga kelele mpaka sauti ikakauka. Akitoka aliniambia kwamba tangu akimbie, kazi yake imekuwa kuwanyamazisha watoto wasisikike. Nililia pale mlangoni, tiketi mkononi.

Halafu ile Jumapili ya mvua. Risasi zilikuwa zimesikika asubuhi upande wa mlima, na watazamaji wakaja kumi na tisa. Wachezaji ishirini na wawili. Nikamwambia turudi nyumbani. Akafungua megafoni, betri zinakufa: "Leo kuko wachezaji watatu wenye hawana mutu wa kuwaangalia. Nani atakamata wawili?" Mikono ikainuka. Tulicheza mpaka mwisho, tukafika nyumbani kabla ya saa ya marufuku ya kutembea usiku, tumelowa, tunacheka kama wajinga.

Sasa nisikilizeni, maana siandiki ili mniletee maua na vilio hapa chini.

Leo komite ya uwanja imekuja kwenye matanga. Prezida wao akanivuta nyuma ya nyumba, kwa upole, sina ubaya naye: "Yaya Zawadi, mechi ya kesho tucheze huis clos. Wachezaji na arbitre wa kupiga filimbi, basi. Mulango ubakie umefungwa. Watu wanaogopa."

Nami naogopa. Sisemi hakuna hatari, mimi si mtoto. Asiyeweza kuja simlaumu. Lakini mechi bila watu ndiyo kitu Dezo alichokataa, na kukataa huko kumemgharimu uhai. Nilitaka kusema hivyo.

Aliyesema ni Neema, mke wake. Alikuwa kwenye jiko la nje, hatukujua anasikia. Akaja na kitambaa chake cha kilio kichwani. "Papa Prezida, bwana yangu alienda kutafuta watu wa kuja. Wamekubali, wanakuja. Munataka wafike, wakute uwanja bule, hakuna mutu? Miye kesho nitakuja na watoto wake. Munifungie mulango miye."

Prezida akaniuliza kama tiketi zimeshapigwa muhuri.

Nimezipiga muhuri zote, Dezo. Nimekaa sebuleni kwako kati ya wanaoomboleza, nagonga muhuri, na hakuna aliyenikataza. Asubuhi tunakuzika. Vijana wa Nyankunde wametuma ujumbe: wanaondoka mapema, na watapitia kaburini kwanza.

Sikukuaga Alhamisi, nakuaga sasa. Umefanya kazi yako, kaka yangu. Pumzika salama.

Ninyi wengine, saa nane kamili niko mlangoni.