Kope Iliyoanguka Kwenye Supu

Nthenya wa hoteli ya supu pale Mtito Andei alikuwa mwanamke wa kujipenda, na mimi sioni ubaya. Shida ilikuwa kope. Alibandika za dukani miaka na miaka, na kila akizibandua anang'oa na zake, hadi zake zikaisha. Bila gundi, macho yake yalikuwa kama ya kuku aliyenyonyolewa.

Kati ya madereva wa malori waliokula kwake alikuwemo Mbaluka wa Zombe, aliyefiwa na mke. Siku moja alimuuliza Nthenya kwao Kalamba mtu hufikaje, na mwanamume haulizi hivyo kwa kupenda ramani. Nthenya akainama kumwongezea supu. Mvuke ukalegeza gundi, kope moja ikatua kwenye bakuli. Mbaluka aliichota kwa kijiko akidhani ni tandu. Kisha akamtazama Nthenya, jicho moja lina manyoya, lingine liko uchi. Hoteli nzima ikavunjika mbavu. Mbaluka akaondoka, na tangu hapo akawa anakula ng'ambo ya barabara.

Nthenya aliona aibu ya kufa mtu. Akazitupa kope zote jikoni, zikaungua zikinuka, kisha akaenda kwa Nasima, muuza vipodozi. Nasima akampa seramu ya peptidi. Alimweleza kwamba peptidi ni vipande vidogo vya protini, si uchawi: apake kidogo kwenye mizizi ya kope, isiingie jichoni, gundi aisahau, na asije kulalamika kabla ya miezi kupita. Wenzake wa kanisani walimwambia afunge na kuomba. Akafunga pia, ingawa kufunga huku unauza supu ni mateso matupu.

Kope zikarudi, fupi lakini nyeusi. Kama ni peptidi, ni maombi, au ni kuachana na gundi tu, mimi sijui, na Nasima akiwa mkweli naye hajui.

Mbaluka alirudi siku hoteli ya ng'ambo ilipofungwa. Akaagiza supu, akaikoroga mpaka chini akiikagua. Nthenya akamwinamia.

"Hizi ni zangu," akasema. "Vuta."

Mbaluka akapangusa vidole kwenye suruali, akavuta, na wala hakuvuta kwa huruma. Machozi yakamtiririka Nthenya, lakini kope zikabaki palepale.

"Haya," Mbaluka akasema, akisogeza bakuli karibu. "Nikifika hapo Kalamba sokoni, napinda wapi?"