Viwavi wa Marsiana

Haya ninayowasimulia hamtayaamini, na asiyeamini aende Mang'ula akaone kichaka kilivyobabuka. Mimi nikikikumbuka wali haupiti kooni, na mnanijua mimi na wali.

Marsiana huyu hapa, binti wa dada yangu, hufuatilia vipepeo. Ndiyo, vipepeo! Cheka umalize. Kila mwaka wale weupe hupita kwa makundi wakishuka bondeni, naye huacha jembe akasimama kati ya nyumba na choo atazame wanaelekea wapi. Wanaozaliwa kwenye kichaka cha miiba kando ya mfereji huwasubiri mabawa yakauke, kisha huwatia nukta nyekundu ya rangi ya kucha. Kule Mlabani, mjini Ifakara, mdogo wake Agnella anauza vitenge. Hukodoa macho mlangoni akingoja nukta hiyo ipite. Haijawahi kupita. Mwaka huu Marsiana aliapa itapita, maana matawi yalikuwa yameinama kwa viwavi.

Kumbe jirani yake Polikarpo naye amewaona. Viwavi jeshi walimlia mahindi msimu uliopita, basi sasa kila kinachotambaa kwake ni jeshi. Marsiana akamkuta na bomba la dawa mgongoni, upande mmoja wa kichaka ameshaupuliza.

"Kaka Polikarpo, unaua nini?"

"Adui, dada. Na wewe ndiye unayemfuga."

"Hawa hawali mahindi!"

"Wamekuambia? Kiwavi ni kiwavi."

Marsiana akachuma jani la hindi shambani mwa huyohuyo bwana, akamweka kiwavi mmoja juu yake. Kiwavi akazungukazunguka, akashuka, akarudi zake kwenye miiba.

"Umeona? Amekataa chakula chako."

Polikarpo akakuna kidevu. "Labda ameshiba," akasema, akashika bomba tena.

Labda ameshiba! Mtu mzima, mwenye ndevu na wajukuu! Kiwavi gani aliwahi kushiba tangu dunia iumbwe?

Marsiana akavua kanga ya mabegani, akayafunika matawi ambayo dawa haijafika, akasimama mbele yake. "Haya, nipulizie na mimi."

Polikarpo akaondoka akinung'unika. Lakini upande ule mwingine viwavi walikuwa tayari wanadondoka kama pumba kwenye ungo, na Marsiana anawaangalia tu. Alikata matawi machache yaliyosalimika, akayasimamisha kwenye ndoo ya maji, akayafunika kwa chandarua chake mwenyewe. Mbu wa Kilombero wakamla yeye. Waliojifunga ndani ya vifuko vyao na kutoka wakiwa vipepeo, akawatia nukta, akawaachia.

Basi jamani, waliponyanyuka pale uani jua lilifichika, kuku wakaenda kulala, treni iliyokuwa inakuja ikasimama, dereva akashuka akanifuata mimi hapa, shikamoo mzee, naomba unioneshe reli iko wa—

"Mjomba! Treni gani? Hawakujaa hata chekeche, na mmoja bawa lilikuwa limejikunja. Waambie hivyo."